Wa Goma na Bukavu mnaotaka kupiga mbizi Mafia: pigeni kwanza hesabu ya njia ya kurudi

Himbi_Ziwani (mwanzisha uzi)

Wapendwa, salamu toka Goma.

Nikisema mbele ya watu kwamba napiga mbizi baharini, mtungi mgongoni, maswali yanayokuja ni mawili: bei na papa. Sijasikia mtu akiuliza jambo ambalo kwetu sisi wa Kivu lingetangulia yote: ukishatoka majini, unarudi kulala kwenye mwinuko gani?

Mtu wa Dar es Salaam au Tanga akimaliza kuzamia anabadilisha nguo, anapanda bodaboda, anafika kwake. Yuko usawa wa bahari asubuhi, mchana na usiku. Sisi nyumbani ni karibu mita 1,500 juu ya bahari, na barabara inayotufikisha huko inapanda juu zaidi kabla ya kushuka ziwani. Walimu wa kuzamia wanasisitiza sana habari ya ndege. Habari ya milima wanaipitia haraka, maana wanafunzi wao wengi hawatoki milimani. Sasa vijana wetu wameanza kwenda Zanzibar, Pemba na Mafia, wengine wanajifunzia hukohuko wakiwa likizo, na ratiba zao ninazisikia: mbizi asubuhi, ndege mchana, halafu gari la kupandisha Gisenyi usiku uleule. Hiyo ratiba inaweza kumpoozesha mtu miguu. Ndiyo sababu nimefungua uzi huu, na nitaeleza kirefu, mnivumilie.

Tuanze na ziwa letu, maana mtu wa Goma hahitaji kushawishiwa kwamba gesi inaweza kukaa ndani ya maji bila kuonekana. Kivu linashuka hadi mita 485 hivi. Kwenye vilindi vyake kuna kaboni dayoksaidi inayokadiriwa kufika kilomita za ujazo 300, na methani kama 60, ukizipima zikiwa zimetolewa nje. Gesi yote hiyo imetulia kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu yake unaikandamiza ibaki imeyeyuka. Kule Kibuye upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unavuta maji toka mita 350 hivi. Kadiri maji yanavyopanda bombani ndivyo mgandamizo unavyopungua, na gesi inachomoka yenyewe kwa mapovu. Methani inatengwa, inachomwa, inatoa megawati 26 za umeme. Gesi ikichomoka ghafla bila mtu kuisimamia, tunajua yaliyotokea ziwa Nyos, Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986: zaidi ya watu 1,700 walikufa usiku mmoja.

Mwili wa mpiga mbizi unafuata kanuni hiyohiyo. Ukiwa ufukweni unabeba mgandamizo wa hewa wa bar 1. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza bar nyingine: mita 10 ni bar 2, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Kipumulio kinakupa hewa yenye mgandamizo sawa na maji yanayokuzunguka, la sivyo kifua kisingeweza kupanuka. Hewa hiyo, asilimia 78 ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii kwa lolote. Unavyozidi kukaa chini ndivyo inavyozidi kuyeyuka ndani ya damu, mafuta na maungio. Ikiwa imeyeyuka haina shida. Ukipanda polepole inarudi mapafuni na unaitoa kwa pumzi. Ukipanda kwa haraka inachomoka palepale ilipo, ndani ya goti, ndani ya bega, na kwa wenye bahati mbaya ndani ya uti wa mgongo.

Haya yalichunguzwa zamani. Mskoti John Scott Haldane aliifanyia kazi hiyo serikali ya Uingereza, akiwaweka mbuzi kwenye chumba cha mgandamizo na kuwaangalia wanavyochechemea wakitolewa haraka. Mwaka 1908 yeye na wenzake wakachapisha majedwali ya kupanda kwa hatua. Komputa ndogo tunazovaa mkononi leo zinafanya hesabu zilizoanzia kwa mbuzi wale.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Kichwa chako kutokeza juu ya maji hakumalizi safari ya kupanda. Bado una naitrojeni ya ziada, na itachukua saa nyingi kutoka. Ndani ya ndege ya abiria, hewa inawekwa mgandamizo wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Barabara ya Kigali kwenda Musanze na kushuka Gisenyi inavuka zaidi ya mita 2,000. Mwili hautofautishi: kwake yote ni kuendelea kupanda toka baharini, na naitrojeni uliyotoka nayo Mafia inaweza kufanyia mapovu yake juu ya kilima cha Rwanda, wewe ukiwa umesinzia garini.

Mwongozo unaofuatwa na wengi, wa shirika la DAN linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi, unasema: ukipiga mbizi moja tu isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, ngoja angalau saa 12 kabla ya kuruka. Ukipiga nyingi, siku moja au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Ukiwa umelazimika kufanya vituo vya kupunguza gesi, ngoja zaidi sana ya 18. Na hesabu hiyo ni ya kupanda kokote kuanzia mita 600 hivi, iwe kwa ndege, gari au miguu. Mimi nawaambia wa huku: chukueni saa 24 kamili. Ndege ya Dar inatua baada ya muda mfupi na abiria wanarudi kwenye hewa nzito. Goma haitui. Hewa yetu ni kama bar 0.85 kila siku, na ndiyo utakayolala nayo.

Msifikiri nawakataza. Nataka muende, na nataka mrudi wazima kwa sababu mwende tena.

Mafia iko mbele ya delta ya Rufiji, kusini ya Dar, na hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania nzima, kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna ghuba ya Chole, imekingwa na visiwa vya Chole na Juani, kwa hiyo hata upepo wa nje ukichafuka, mara nyingi ndani kunazamika. Mbizi nyingi pale ni kati ya mita 10 na 25.

Unaposhuka, kitu cha kwanza kuondoka ni rangi nyekundu. Nilikuwa nimejifunga kamba nyekundu mkononi. Kwenye mita kumi na kitu ilikuwa ya kahawia, halafu kama majivu. Mwalimu akawasha tochi, wekundu wake ukawaka wote mara moja. Ndipo nikaelewa kwa nini watu hubeba tochi mchana. Bila hiyo unaona mwamba mzima ni wa samawati na kijani, kumbe umejaa nyekundu, zambarau, rangi ya chungwa.

Halafu kuna sauti. Watu wanasema chini ya bahari ni kimya, siyo kweli. Kuna mlio wa kukwaruza na kuvunja, krr, krr, usiokoma. Ni pono, wale samaki wenye mdomo wa kasuku, wanakwangua mwamba wakitafuna mwani pamoja na chokaa. Kinachobaki wanakitoa nyuma kama wingu la mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga tunaotandika taulo juu yake imepita tumboni mwa pono. Karibu na mlango wa bahari, pale Kinasi, utakuta chewa mkubwa ametulia kabisa, kinywa wazi, na visamaki vidogo vya bluu vinaingia hadi ndani ya mashavu yake kumsafisha. Anaweza kuvimeza kwa pumzi moja na havimezi. Ningekaa pale mpaka mtungi uishe kama mwalimu angeniruhusu.

Na tafadhali, usiguse. Matumbawe ni wanyama, vidudu laini vinavyojijengea nyumba ya chokaa, na yale ya umbo la jiwe la mviringo mengi hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Pigo moja la mapezi linaweza kuvunja kazi ya miaka mingi kuliko umri wako.

Wenye maswali karibuni.

Katindo_Mdogo

Yaya, merci mingi kwa haya. Miye najuaka tu kuelea pale Bulengo, kuogelea mbali siwezi. Na nasikia mutu anabanwa masikio mpaka damu inatoka. Ni kweli? Kwa mutu kama miye kuko njia?

Himbi_Ziwani

Mdogo wangu, iko njia, lakini pitia kwanza kuogelea. Kozi ya kwanza ya shule nyingi inakudai uogelee mita 200 bila kusimama, mtindo wowote, bila haraka, halafu uelee dakika 10 bila kushika kitu. Ukimaliza kozi unaruhusiwa kushuka mita 18 ukiwa na mwenzako. Kwa wanaosoma mfumo wa Kifaransa, ngazi ya kwanza inafika mita 20 ukiwa na kiongozi. Kuogelea jifunzie hapa nyumbani; hakuna sababu ya kulipia siku za Mafia ukijifunza kupiga mikono.

Masikio ni kweli yanabana, na yanaanza mapema, mita mbili tatu tu. Mabadiliko makubwa ya mgandamizo yako kwenye zile mita 10 za kwanza: hapo hewa ya sikioni inabanwa nusu nzima. Unabana pua kwa vidole na kusukuma hewa taratibu, masikio yanafunguka kwa mlio mdogo. Fanya kabla ya kuumia, kila mita, tangu kichwa kinapoingia majini. Yakikataa, panda mita moja, jaribu tena. Yakikataa kabisa, mbizi ya siku hiyo imekwisha, unarudi juu. Usimsikilize anayekuambia ukaze tu. Ukiwa na mafua usiingie kabisa.

Na sheria moja inayozidi zote: usizuie pumzi ukiwa na mtungi. Hewa uliyovuta mita 10 inakuwa maradufu ukifika juu. Mapafu hayawezi kuihimili. Unapumua tu, polepole, muda wote.

Nguba_Bkv

Salamu kutoka Bukavu. Yaya, kama kanuni ni hiyohiyo, si tujifunzie hapa Kivu halafu tuende baharini tayari? Ama gesi itatumaliza?

Himbi_Ziwani

Swali zuri na lina pande mbili.

Gesi kwanza. Tabaka la juu la ziwa, kama mita 60, hujichanganya na hewa na lina gesi kidogo, na ile nyingi sana iko chini kabisa kusikofikiwa na mtu wa starehe. Lakini ziwa siyo moja kila mahali. Ghuba ya Kabuno, huku upande wetu wa magharibi, maji yaliyojaa kaboni dayoksaidi yanaanza kama mita 10 tu. Hapo mimi siwezi kumpeleka mtu. Na ufukweni kuna mazuku, ambayo watu wa Goma na Sake mnayajua: ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri, inayoua mbuzi na imeua na watu. Mtu wa kuzamia anainama ufukweni kufunga vifaa, yuko chini, anahema kwa nguvu. Mahali usipopajua, uliza wenyeji wa pale kwanza.

Upande wa pili ni mwinuko. Majedwali ya kawaida yametengenezwa kwa mtu anayetokeza kwenye bar 1. Kivu unatokeza kwenye 0.85, kwa hiyo ukigawanya mgandamizo wa chini kwa ule wa juu, jibu ni kubwa zaidi kuliko baharini. Mita 18 za Kivu zihesabu kama mita 21 hivi za baharini. Komputa nyingi zinajirekebisha zenyewe au zina sehemu ya kuchagua mwinuko. Kama ya kwako haina, usiende nayo ziwani. Kozi ya mara ya kwanza fanya usawa wa bahari, kwa mwalimu mwenye leseni inayoonekana. Kivu tulitumie kwa kuogelea na kuzoea miwani ya maji. Na ukifika baharini utashangaa utadaiwa vyuma vya risasi vingi kiunoni kuliko ungevaa ziwani, maana maji ya chumvi yanakuinua.

Kamalondo_Lshi

Yaya Himbi, sisi wa Lubumbashi unatusahau, lakini na sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,200, kwa hiyo hesabu yako inatuhusu pia. Na wengi wetu tukienda pwani kwa ndege tunapitia Addis Ababa, ambako uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 2,300. Ukishuka pale kubadilisha ndege bado uko mlimani.

Niongeze kitu kimoja, juu ya kazi ninayofanya mgodini kwenye kikosi cha uokoaji. Watu wanasema «mtungi wa oksijeni». Hapana! Ndani ni hewa ya kawaida iliyosukumwa, mara nyingi bar 200. Mtungi wa lita 12 ukijaa hivyo unabeba kama lita 2,400 za hewa. Oksijeni tupu ukishuka nayo inakuwa sumu: kuanzia mita 6 hivi inaweza kukutia degedege, na degedege ndani ya maji ni kifo.

Na angalia inayojaza mitungi. Mashine ya kusukuma hewa ikiwa inavuta moshi wa injini yake yenyewe, monoksidi ya kaboni inaingia mtungini. Haina harufu wala rangi. Juu ya nchi kavu kiasi kidogo hakikusumbui, lakini mita 20 chini athari yake inazidishwa na mgandamizo. Sisi mgodini hatuvai kifaa bila kukipima. Kule kwa watalii, angalau nenda uone mashine: bomba la kuvuta hewa liko wapi, na moshi unaenda wapi? Vuta pumzi mbili tatu kwenye kipumulio kabla ya kupanda mashua. Ikiwa ina ladha ya mafuta au inanuka, iache. Mwenye kituo akikasirika juu ya swali hilo, tafuta kituo kingine.

Himbi_Ziwani

Kaka wa Kamalondo, asante sana, hili la moshi lisomwe na kila mtu. Na tabia ya kupima kabla ya kuvaa ndiyo inayowafanya watu wa migodi kuwa wapiga mbizi wazuri.

Mwana_Kilindoni

Hamjambo wana Kongo. Mimi mzaliwa wa Mafia, nimefurahi kuona kwetu kunatajwa na watu wa milimani. Dada Himbi amesema vizuri, niongeze ya maji.

Pale Kinasi ni mlango, bahari yote ya ghuba inaingia na kutoka hapo. Huzamii kwa saa ya ukutani, unazamia kwa maji. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mkondo una nguvu ya kukuchukua bila kuuliza. Maji mafu ni mapole. Waongozaji wazuri wanangoja maji yanayojaa, kwa sababu mbili: yanaleta maji safi ya bahari kuu, unaona mbali, na yakikusukuma yanakusukuma ndani ya ghuba. Maji yanayokupwa yanatoa nje, na nje ni Bahari ya Hindi. Kituo kikikuambia tunaingia saa tatu kila siku bila kutaja maji, jiulize.

Majira: kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, ndiyo unaweza kutoka nje ya mwamba. Kusi likishika, kuanzia Mei, nje hapaendeki, mnabaki ghubani. Potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa anayekula vidudu vidogo vya majini, anakuja upande wa Kilindoni Oktoba hadi Februari hivi. Yeye huogelei naye kwa mtungi, ni miwani na mrija tu, na hushiki mwili wake.

La kusikitisha niliseme pia. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe, mengi yakafa, hapa na sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi ya magharibi. Ndani ya tumbawe linalojenga mwamba kuna mwani mdogo usioonekana kwa jicho, ndio unaolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto likizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa digrii moja tu, likakaa wiki kadhaa, tumbawe linautoa mwani nje. Joto likipungua mapema linaweza kupona. Likikaa, linakufa njaa. Baruti za wavuvi nazo zimevunja pwani yetu kwa miaka mingi. Mwamba uliopigwa baruti unaujua, ni kifusi kitupu, hata pono hasikiki. Kwa hiyo wageni mkija mkaona sehemu ni kijivu, msidhani ndivyo tulivyozaliwa nayo.

Na yale mapovu ya kwenye goti sisi tunayajua bila shule. Wapo wanaozamia jongoo bahari kwa mitungi, mara nyingi kwa siku, bila komputa wala jedwali. Nimewaona waliotoka majini wakitembea, jioni wamebebwa.

Muuguzi_Keshero

Ninasoma uzi huu kama muuguzi na nina wasiwasi na jambo moja. Mutu akirudi Goma toka pwani, anasema viungo vinaniuma, nimechoka, kichwa kinazunguka. Sisi tutafanya nini? Tutapima malaria. Pwani ina malaria, kwa hiyo hata kipimo kinaweza kuwa na jibu. Yaya, tuelekeze dalili, ili ikija tuijue.

Himbi_Ziwani

Dada, hili swali ni kubwa kuliko uzi wote.

Maumivu ya kiungo kimoja au viwili, hasa bega, kiwiko, goti, ya ndani, yasiyoongezeka ukibonyeza. Ganzi au kuchomachoma miguuni. Udhaifu wa upande mmoja. Kushindwa kukojoa. Kizunguzungu, ngozi yenye mabaka ya zambarau inayowasha, uchovu usio na kipimo. Nyingi zinaanza ndani ya saa chache baada ya kutoka majini, nyingi kabla ya siku kwisha, lakini kupanda mlima au ndege kunaweza kuziamsha baadaye. Homa siyo ya ugonjwa huu. Mwenye homa pimeni malaria, na mwenye ganzi na asiye na homa muulizeni: umezamia lini mara ya mwisho?

La kufanya ni kumpa oksijeni asilimia 100, mapema iwezekanavyo, kumlaza chali, kumpa maji kama yuko macho na hatapiki, na kutafuta njia ya kumfikisha kwenye chumba cha mgandamizo, ambacho hamtegemei kukipata Goma. Kusafirishwa kwa ndege ni lazima iruke chini au iwe na mgandamizo wa usawa wa bahari. Asirudishwe majini «kutibiwa» kama wavuvi wengine wanavyofanya.

Mpiga mbizi naye ana wajibu. Andika kwenye karatasi, uweke pamoja na pasipoti: tarehe na saa ya mbizi ya mwisho, kina, na dakika. Muuguzi aione hata kama wewe huwezi kusema. Na kwa dawa za kinga ya malaria, mefloquine haifai kwa mtu anayezamia, maana kizunguzungu na mahangaiko yake yanafanana na haya tunayoyazungumza. Muombe daktari nyingine.

Nguba_Bkv

Sasa nimepata akili. Tuko watatu, tunataka kwenda Januari. Nilikuwa nimepanga hivi: Jumatatu hadi Ijumaa mbizi mbili kila siku. Jumamosi saa mbili asubuhi mbizi moja ya kuaga, saa tisa alasiri ndege ndogo Mafia–Dar, usiku Dar–Kigali, Jumapili gari kupitia Nyungwe mpaka Kamembe, tunavuka Bukavu jioni. Nionyeshe pa kukata.

Himbi_Ziwani

Kata mbizi ya Jumamosi. Kati yake na ndege ndogo kuna saa sita, na mtakuwa mmezamia siku tano mfululizo. Msidanganywe na udogo wa ndege: hizo nyingi hazina mgandamizo ndani, mnapanda na mwinuko wenyewe. Halafu ndege ya usiku, halafu Nyungwe, ambako barabara inapita zaidi ya mita 2,400, halafu Bukavu ambako mtabaki juu. Ni kupanda mara tatu ndani ya siku mbili.

Ijumaa mbizi ya pili itoke majini kabla ya saa tisa alasiri. Hapo mpaka ndege ya Jumamosi ni saa 24, na mpaka Nyungwe zinazidi 36. Siku ya mwisho fanyeni mbizi zenu za kina kifupi, na kila mbizi simameni mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutokeza, hata komputa isipodai.

Na kwa sababu ni Januari, Jumamosi asubuhi nendeni Kilindoni mkamuone potwe kwa miwani na mrija. Ukiwa juu ya maji unapumua hewa ya kawaida, huongezi naitrojeni. Hamtakuwa mmepoteza siku.

Mwana_Kilindoni

Au warudi kwa boti mpaka Nyamisati na gari mpaka Dar, huko kote ni tambarare ya pwani. Wanapata saa nyingine kabla ya kupanda angani. Lakini Januari kaskazi hutikisa boti, wenye kutapika waseme mapema.

Nguba_Bkv

Ndege basi, mmoja wetu hata Bukavu–Goma kwa boti anatapika. Nawaandikia kituo leo nifute mbizi ya Jumamosi, na nitawauliza bomba lao la kuvuta hewa liko wapi, maji ya wiki hiyo ni bamvua au mafu, na chumba cha mgandamizo wanachokitegemea kiko mji gani. Wakijibu naleta hapa.